Fundi wa Hedifoni wa Chini ya Ngazi

Ukienda kwa Fundi kununua hedifoni, hakuulizi una pesa ngapi. Anakuuliza, "Kichwa ni cha nani?"

Watu wengi hukwama hapo hapo. Nimeona mwanaume mzima mwenye tai anajishika kichwa kama mtu ambaye hana hakika kama ni chake. Mwingine anasema ni zawadi, mwingine anasema ni ya kijana wake aliye chuo. Fundi anangoja. Ukishajibu, analeta swali la pili: hicho kichwa kinafanya kazi gani kutwa? Kinasikiliza mahubiri? Kinacheza muziki? Kinavaa kilemba, kinavaa miwani, kimefuga rasta? Ukishindwa kujibu, anakwambia kwa adabu kabisa uende nyumbani ukamwangalie mwenye kichwa, halafu urudi. Na kama una haraka, Nakuru imejaa maduka ambayo yatakuuzia bila kukuuliza chochote.

Nimemjua miaka kumi na miwili. Mimi natoka Molo, nalima waru, yaani viazi, na nikishusha mzigo sokoni Nakuru nilikuwa nampitishia redio yangu ikigoma. Kibanda chake kiko chini ya ngazi ya jengo la zamani karibu na soko, kidogo hivi kwamba ukilala chali miguu inabaki kwa barabara. Juu kuna vyumba vya kukodisha, na wapangaji humkanyaga kichwani kutoka asubuhi mpaka jioni. Yeye husema hasikilizi mambo ya watu. Lakini anajua kwa nyayo tu ni nani amegombana na mke wake, ni nani amenunua viatu vipya, na ni nani anapanda na mgeni asiyetaka ajulikane.

Siku ya kwanza nilimwita Mama, nikangoja animalizie jina la mtoto wake wa kwanza, vile sisi huitana. Akaniangalia kupitia juu ya miwani.

"Watoto wangu hawajui kulehemu," akasema. "Niite Fundi."

Nami kwake nikawa Mama Waru, na mpaka leo hajaniuliza jina lingine.

Nimeamua kumwandika kwa sababu ya mjukuu wangu Njeri. Ana jina langu, kwa hivyo mkinisikia nikimsifu mjue najisifu na mimi. Alimaliza chuo, cheti kikakaa kwa bahasha miaka miwili. Halafu akapata kazi ya kwenye kompyuta. Kampuni ya mbali inamtumia sauti za watu wakizungumza, mikutano, mahojiano, mwalimu anafundisha, na yeye anasikiliza na kuandika kila neno. Walimpa mwezi mmoja wa kumjaribu. Makosa yakizidi kiasi walichoweka wanamwacha, na waliyemwacha hawamrudii. Alikuwa na vile vidude vya kuingiza ndani ya sikio vilivyokuja na simu. Siku ya pili masikio yalikuwa mekundu kama nyanya mbivu, na mvua ikianza kugonga mabati alikuwa hasikii kitu. Alihitaji hedifoni ya kufunika sikio lote. Pesa niliyokuwa nayo ilikuwa ya magunia mawili ya waru, na hiyo ndiyo ilikuwa yote.

Kwa hivyo kazi ya Njeri ilikuwa imeshikwa na kitu cha kuvaa kichwani, na mtu pekee niliyemjua anayeelewa vitu hivyo ni huyu mama wa chini ya ngazi.

Ni mrefu, mwembamba, wa zile familia za Waislamu wa mjini ambazo wazee wao walitoka pwani. Zaidi ya hapo sijui na sikuuliza. Kiswahili chake kimenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Changu anasema kina matuta kama shamba. Miwani yake imefungwa kwa waya wa chaja iliyokufa. Bisibisi yake ndogo anaichomeka kwenye mtandio, juu ya sikio, pale wengine huweka kalamu, na siku moja alienda nayo harusini akakaa nayo mpaka pilau ikaisha.

Alijifunza wapi kazi hii? Hilo nilimuuliza, maana mimi kitu nisichokielewa hunikosesha usingizi. Mara ya kwanza aliniambia alifunzwa na mume wake. Mwaka mwingine akasema hapana, ni mwanajeshi mmoja mstaafu aliyekuwa jirani. Mara ya tatu akasema aliharibu redio ya kaka yake akiwa msichana, akaitengeneza kabla kaka hajarudi kutoka kazini, kwa hofu tu. Nilimkumbusha zile hadithi mbili za kwanza. Akasema zote ni zake na nichague ninayotaka. Sijachagua bado. Ila ya hofu ndiyo naiona imemkaa.

Kila hedifoni inayoingia pale anaijaribu juu ya mtandio kwanza. Anasema wanaotengeneza vitu hivi wanafikiri dunia nzima iko kichwa wazi. Anauvuta utepe wa juu mpaka mwisho, anaupinda kama anayetaka kuuvunja, anasikiliza kama unalia. Anabonyeza sponji kwa kidole gumba na kuhesabu inachukua muda gani kurudi mahali pake. Isiporudi, anasema hiyo imechoka kabla ya kuanza. Anaangalia kama waya unachomoka. Waya usiochomoka hampi mtu, maana anasema waya ndio unaokufa kwanza, na ukifa ukiwa umeshikana na mwili utazika vyote viwili. Hayo yote anafanya kabla ya kusikia sauti yoyote.

Halafu kuna ile chai, na hapa ndipo wengi humuona ana wazimu.

Ukishachagua, anakuvisha hedifoni bila kuiunganisha na kitu. Kimya tupu. Anakumiminia chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bati, na huruhusiwi kuivua mpaka kikombe kiishe. Kikombe ni kikubwa na chai ni ya moto sana, nafikiri ni makusudi. Unakaa pale kwenye stuli na kitu kichwani kisichosema lolote, watu wanapita wanakucheka.

"Sauti itakudanganya kwa dakika moja," anasema. "Acha masikio yaamue kwanza."

Dalali mmoja wa mahindi kutoka Rongai, mtu wa kichwa kikubwa na maneno mengi, alikunywa vikombe vitatu kwa hedifoni tatu. Ya kwanza ilimbana juu ya sikio akavumilia kwa kiburi, mpaka nusu ya kikombe akaanza kujikanda. Ya pili ilikuwa na ngozi ya plastiki, sikio likatoka jasho likashika kama gundi. Ya tatu ilikuwa ya kitambaa, akasahau kama ameivaa, akaanza kutuhadithia bei ya mbolea. Fundi akaniangalia akainamisha kichwa kidogo: ndiyo hiyo. Dalali alipoinuka hakulipa kwanza. Alikimbia kutafuta choo.

Na ikiwa nzuri lakini inabana, haitupi. Anaivisha kopo la maziwa ya unga siku mbili, inakuja imelainika kama mtu aliyetoka likizo.

Msimwone mtakatifu. Ana mambo yake. Bei yake ni moja, na ukiomba punguzo ananyamaza kama hajasikia, yeye ambaye anasikia mpangaji wa ghorofa ya tatu akivua soksi. Lakini nikimpelekea waru, mama huyo huyo anafinya moja moja. Hii imepigwa na jua. Hii ina macho mengi kuliko polisi. Hii umeniletea jiwe, Mama Waru, utanivunja jino. Tunashindana mpaka watu wanasimama, na mwishowe anachukua kwa bei aliyotaka tangu mwanzo, na mimi naondoka nikicheka na kukasirika.

Anauza spika za makanisa na za wanasiasa, zile za kutikisa madirisha, na kelele yeye mwenyewe haziwezi kabisa. Mtu akipiga honi mbele ya ngazi bila sababu, anatoka na bisibisi yake kumuuliza kama amefiwa.

Na vijana wa besi hawaishi kumjia. Kuna mmoja wa Keringet alisimama pale, kofia imeangalia nyuma, akasema, "Niaje mathe. Nataka ile inapiga mpaka kifua." Fundi hakumfukuza. Akampa hasa ile aliyotaka, wimbo ukapiga, kijana akafumba macho kwa raha. Halafu Fundi akamwambia bila kuivua apige simu kwao. Kwa nani? Kwa mama yako. Kijana akapiga.

"Mum, uko wapi?" akauliza, uso umebadilika.

Sisi hatukusikia mama alijibu nini, lakini kijana akauliza tena kama yuko ndani ya tangi la maji. Kumbe, kijana mwenyewe alitueleza, mama alikuwa jikoni tu. Alianza kumuuliza mtoto kama ni mgonjwa. Ikabidi kijana aivue na kumhakikishia kwamba ni mzima, na Fundi wakati huo amegeuka upande mwingine anatafuta kitu ambacho hakikupotea. Ile besi nzito, alituambia baadaye, inaketi juu ya maneno ya watu kama mtu mnene kwenye kiti cha mwenzake. Kwa ngoma, sawa. Kwa mtu anayeongea, unabaki na kishindo na maneno hayapo.

Kijana alichukua nyingine. Na siku hizi akipita anamwamkia shikamoo.

Hayo yote niliyajua. Niliyaona kwa macho yangu miaka kumi na miwili. Sasa niseme aibu yangu.

Nilipokwenda kwa ajili ya Njeri, Fundi aliniuliza kichwa ni cha nani, nikajibu vizuri. Kinafanya kazi gani, nikajibu vizuri. Akaingiza mkono chini ya meza akatoa hedifoni mbaya. Yaani mbaya ya sura. Nyeusi iliyofifia ikawa kama masizi, imetoka kwa ofisi fulani ya kupokea simu iliyofungwa, sponji moja ya rangi ya kijivu na nyingine nyeusi, waya wake mrefu wa kufunga mbuzi. Nikaiangalia. Nikamfikiria mjukuu wangu mwenye cheti, amevaa hiyo. Nikamwambia Fundi nitafikiria, nirudi baadaye.

 Aliirudisha chini ya meza.

Mtaa wa pili kuna mtu alikuwa amepanga maboksi yanang'aa kwa turubai. Nikachukua moja, nikaitoa, nikaipima kwa kiganja. Nikachukua ya pili. Mimi waru nazijua kwa mkono, hata gizani. Ile nyepesi ina shimo ndani au imenyauka, na ile nzito ndiyo chakula. Nikapima hedifoni sita pale, mwenye mali ananiangalia kwa heshima, nikachagua iliyozidi zote kwa uzito. Ilikuwa nyekundu na fedha. Nikapanda kwenda Molo nikiwa nimejipenda sana.

Njeri alifurahi. "Cucu, umeniweza," akasema, maana Cucu ndiyo nyanya kwa Kikuyu, na akapiga picha akiwa ameivaa, akawatumia wenzake. Mimi nikawa nawaambia wamama wa kanisa kwamba mjukuu wangu ana hedifoni nzito kuliko ya mtu yeyote Molo.

Baada ya wiki moja nilimkuta mchana ameinamia meza, mkono mmoja unashika shingo na mwingine unabana hedifoni sikioni. Nikauliza kuna nini. Akasema hakuna. Nikauliza mara ya pili kwa sauti ile nyingine. Akanionyesha ujumbe kwa kompyuta, akanifasiria: makosa yamezidi, hili ni onyo, na onyo ni moja tu. Alikuwa amebakisha wiki mbili.

"Wanaongea kama wamefunikwa blanketi, Cucu," akasema. "Jina la mtu silishiki. Namba siishiki. Narudia mara kumi."

Alikuwa amenyamaza wiki nzima ili asinivunje moyo. Hicho ndicho kiliniuma kuliko onyo.

Kesho yake nilishuka Nakuru na ile hedifoni ndani ya mfuko wa sukuma wiki. Sikujua nitasema nini. Fundi aliniona naupapasa ule mfuko, akanyoosha mkono tu. Akaipokea, akaipima kwa kiganja vile vile nilivyoipima mimi, akacheka kwa pua.

"Nani amekuuzia kilo?"

Akachomoa bisibisi kwenye mtandio. Akang'oa sponji, akafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na kipande cha chuma, kikubwa kama kidole gumba changu, kimegandishwa kwa gundi. Akafungua upande wa pili, cha pili hiki hapa. Na kile chenyewe cha kutoa sauti kilikuwa chembamba, kidogo kama kizibo cha soda. Akavipanga vyote mezani.

Nikamuuliza, kwa unyonge, kile chuma kinafanya kazi gani.

"Kinakungoja wewe," akasema. "Mtu wa waru. Wanajua utapima."

Nilitaka ardhi inifunike. Nikamwomba msamaha kwa kwenda kununua kwingine. Hapo ndipo alikasirika, na si kwa sababu niliyofikiri. Kununua kwingine ni haki yangu, alisema, mji ni wa watu wote. Kilichomkera ni kwamba nilikaa kwake miaka yote hiyo, nikanywa chai yake, nikamcheka dalali na kijana wa Keringet, halafu siku yangu ilipofika nikampima mtoto kwa kiganja changu.

"Mkono hausikii," akasema.

Basi akanipa kazi mbili za kurudi nazo. Ya kwanza, nipime kichwa cha Njeri kwa uzi wa katani, kutoka sikio moja, juu ya utosi, hadi lingine, maana mtoto hangeweza kuacha kazi kuja mwenyewe. Ya pili, nimletee kwenye simu sauti ninayoijua kuliko watu wote. Si wimbo. Wimbo kila mtu anaujua na kila spika inajua kuudanganya.

Nilifikiria njia nzima. Asubuhi Njeri alikuja nami boma, akashika simu nikikamua.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hiki ni kitu nilichofanya tangu nikiwa na miaka saba bila kufikiria. Ndoo ikiwa tupu, maziwa yanalia kwa sauti nyembamba, ya bati. Ikifika robo, inakuwa nzito. Povu likianza, inakuwa kama mtu anakanyaga majani makavu. Naweza kufumba macho nikuambie ndoo imefika wapi, kwa kidole.

Nikashuka tena Nakuru na uzi na simu. Fundi alipanga hedifoni tatu mezani, zote za bei ya magunia mawili, ambayo alikubali nimlipe kwa waru msimu ukifika, akanifunga macho kwa kitambaa nisione sura. Nilikunywa vikombe vitatu. Alipochomeka ya kwanza nikasikia shwaa, shwaa, maji tu, au mvua. Hiyo ilikuwa ya kisasa, isiyo na waya, ina taa za buluu. Kwa pesa ndogo, Fundi alisema, ukinunua isiyo na waya umenunua betri, na sauti umepewa kama chenji. Mwenye pesa nyingi anaweza kupata vyote viwili. Mimi si yeye. Ya pili ilikuwa ya besi, na ng'ombe wangu akawa anakanyaga kama ndovu.

Ya tatu nikasikia bati. Kisha robo. Nikainua kidole nikasema hapo, povu limeanza. Nikamsikia ng'ombe akimeza. Na nyuma ya hayo yote nikasikia mtu mzee anahema, polepole, karibu sana, kidogo anavuta pumzi kwa shida. Nikauliza ni nani huyo aliingia bomani.

"Ni wewe," Fundi akasema.

 Mtu hajisikii akihema, mkumbuke hilo. Halafu akanifungua macho, na nikaona ile ya masizi, sponji moja ya kijivu na nyingine nyeusi. Alikuwa ameshaipima kwa uzi wangu na kuirekebisha matundu mawili upande huu na moja upande ule, maana kumbe kichwa cha Njeri hakiko sawa, kama changu. Sauti ikae katikati, alinieleza, kama imekaa juu ya pua. Ikiegemea upande mmoja, mtu anachoka bila kujua anachoka na nini.

Njeri aliivaa siku hiyo hiyo. Hakupiga picha. Mimi nilikaa jikoni nikitega sikio kupitia ukuta wa mbao, nikasikia vidole vyake vinakimbia, vinakimbia, bila kusimama na kurudi nyuma. Sikumuuliza kitu. Siku ya tatu alikuja akala chakula chote.

Mara ya mwisho kuonana na Fundi ilikuwa msimu wa mvua uliopita, siku ya mwisho ya ule mwezi wa Njeri. Tangu hapo goti langu limekataa safari.

Mti ulikuwa umeangukia nyaya, Molo nzima haina stima tangu jana yake. Njeri alikuwa amebakiwa na sauti moja, na hiyo ilitakiwa kabla ya saa sita mchana. Kompyuta ilikuwa inakufa. Makosa alikuwa amepunguza, lakini walimwambia wazi kwamba watajumlisha mwezi mzima, na ile wiki mbaya ya hedifoni yangu nyekundu ilikuwa bado ndani ya hesabu yao. Tukashuka Nakuru alfajiri. Sikujua mahali pengine pa kumpeleka mtoto.

Fundi alimwangalia Njeri mara moja, akaangalia saa ya ukutani, akaondoa vyuma vyake mezani, akamketisha mahali pake mwenyewe. Sijawahi kuona mtu mwingine akikalia kile kiti. Yeye akageuza kreti ya soda mlangoni akaketi juu yake, ametupa mgongo, buibui limefunga mlango wote kama pazia.

Wateja walikuja. Wa kwanza alitaka chaja akarudishwa. Kisha akaja mzee wa kanisa fulani, amevaa koti zuri, ambaye alikuwa ameahidi tangu mwezi uliopita kununua ile spika kubwa kuliko zote. Amekuja na gari la kuibeba. Alitaka tu aisikie kwanza.

"Nimefunga, mzee wangu," Fundi akamwambia.

"Na hiyo taa?"

"Taa haijafunga. Mimi ndiye nimefunga."

Mzee akachungulia, akaona msichana amevaa kitu cha masizi kichwani, akauliza kama huyo si mteja. Fundi akasema huyo ni kazi. Mzee akasema atatafuta kwingine, na Fundi akamwelekeza duka, kwa adabu, hadi na kona ya kupindia. Halafu kukaja watoto wanaruka kwenye ngazi, naye akachukua mpini wa ufagio akagonga chini ya ngazi mara mbili. Wakatembea kwa vidole.

Mimi nilikuwa nimejibana kwa pembe na mfuko wangu. Nilikuwa natazama mabega ya Njeri. Hayakupanda masikioni, yalikaa chini. Robo saa kabla ya saa sita akabonyeza kitu, akavua hedifoni, akasema imeenda. Majibu yangekuja muda si mrefu.

Kungoja ni kubaya. Fundi aligeuka kwenye kreti yake, na nikaona ana lile jicho la kutaka kujua ambalo huwa nalo akifungua kitu asichowahi kufungua.

"Hebu niambie, mwanangu. Wakiongea unaandika. Mtu akikohoa?"

"Naandika amekohoa."

"Hata hilo? Akicheka?"

"Naandika amecheka."

"Akinyamaza?"

"Kimya kikiwa kirefu, naandika kimya."

Fundi alipiga paja. "Mama Waru, umesikia? Kuna watu wanaandikiwa kimya." Alifikiria kidogo. Nafikiri maisha yake yote alikuwa anajua sauti inaingia sikioni na kuishia humo, na sasa anaambiwa inatoka upande mwingine ikiwa herufi. Akauliza tena, kwa sauti ya chini. "Na akilia?"

"Naandika amelia. Lakini lazima niwe na uhakika, Fundi. Nikiwa sina uhakika naandika kile tu nilichosikia."

Kompyuta ikalia ting, kidogo tu.

Njeri akasoma. Akasoma tena, midomo inatembea. Alinigeuzia kioo, na anajua vizuri Kiingereza hakinijui wala sikijui, kwa hivyo nilisoma uso wake badala yake, na uso ulikuwa unatetemeka kidevuni.

"Wamenichukua," akasema.

 Juu yetu mtu alishuka ngazi pole pole mpaka chini akaenda zake. Njeri alikuwa ameshika ile hedifoni mapajani kwa mikono miwili. Fundi alimtazama, akanitazama mimi, akarekebisha miwani yake.

"Na hapa," akamuuliza, "ungeandika nini?"

Mtoto akainamia hedifoni. Mimi nikakohoa kwa nguvu, mara mbili, mkono mmoja mdomoni na mwingine unafuta macho.

"Andika, cucu amekohoa," nikasema.